Tumbo la Nyasi

Asubuhi hiyo Neva Willis alimimina kahawa mpaka kikombe kikafurika, akapangusa meza, akamimina tena na kikafurika tena. Akaiacha hivyo hivyo. Jana yake jirani mmoja aliyekuwa akirudi kutoka kuvua kaa alimpigia simu kumwambia amemwona Dora, yule farasi mzee, ng'ambo, karibu na kijito cha magharibi, yuko peke yake, amejitenga.

Neno hilo la mwisho ndilo lililomkosesha Neva usingizi. Farasi jike hajitengi na kundi lake hivi hivi. Na hii ilikuwa Aprili.

Mumewe, Elbert, alikuwa amefariki mwezi wa Oktoba. Kwa miaka thelathini na saba ndiye aliyekuwa akiwavusha wageni kutoka kisiwa chao cha Harkers hadi Shackleford, kisiwa chembamba kisicho na nyumba wala barabara, wanakoishi farasi wa mwituni. Farasi wale aliwajua mmoja mmoja kama mwalimu anavyojua darasa lake. Septemba, akiwa amelazwa hospitalini huko bara, alimshika Neva kidole akasema, "Dora ana mimba. Aprili utaona."

Dora alikuwa na miaka ishirini na minne. Kwa farasi huo ni uzee kamili. Habari zilipofika kisiwani watu walicheka kwa upole, kama wanavyochekwa wagonjwa, na Garland, kaka mkubwa wa Elbert, akatoa hukumu mbele ya wote pale dukani: "Lile ni tumbo la nyasi tu. Hata mimi ninalo."

Tangu mwezi uanze Neva alikuwa ameshavuka mara tatu na wageni na hakumwona Dora hata mkia. Hakuna aliyemuuliza, naye hakumwambia mtu, lakini alitaka kitu kimoja tu duniani: kujua kama Elbert alikuwa sahihi.

Wageni wa siku hiyo walikuwa wawili, mume na mke kutoka Ohio, waliokodi nyumba ya ufukweni kwa wiki moja. Mke, Bernadette, alikuwa nesi mstaafu, mwanamke mfupi mwenye kofia pana iliyofungwa kidevuni kwa kamba. Mume, Curtis, alikuwa ameuza matairi maisha yake yote, na kabla hata ya kuingia kwenye boti alikuwa ameshauliza mara mbili watarudi saa ngapi. Garland alikuwa tayari ameketi mbele kabisa, mikono ndani ya mifuko. Siku hizi alikuja kila safari. Alisema anakuja kushika nanga.

"Nisikilizeni," Neva alisema walipoacha gati. Hakupenda kuhutubia watu. Hiyo ilikuwa kazi ya Elbert. "Sheria ni moja. Kati yako na farasi pawe na urefu wa basi la shule. Hata kama ni yeye anayekuja kwako. Akija, wewe unarudi nyuma."

"Na akiwa mpole?" Curtis aliuliza.

"Hakuna mpole. Kuna aliyeshiba na hataki kusumbuka kukimbia. Mtazameni kichwa. Akikiinua kwa sababu yako, ujue umeshakaribia kupita kiasi."

Bernadette alifungua mkoba wake taratibu, kwa aibu. Ulikuwa umejaa karoti. "Mimi nilikuwa nimewaletea zawadi kidogo."

"Hizo utazila mwenyewe, mama. Matumbo ya hawa yamezoea majani ya maji ya chumvi. Karoti zako zinaweza kumlaza mmoja chini asiinuke tena."

Bernadette alizitazama karoti kana kwamba zimegeuka nyoka. Akamkabidhi mumewe moja. "Kula."

"Sina njaa."

"Kula, Curtis, zisije zikaua mtu."

Garland aligeuka kutoka kule mbele. "Sheria hizo ni zenu watu wa bara. Sisi farasi wanatujua."

"Shemeji," Neva alisema.

"Nasema uongo? Baba yetu alikuwa na farasi kumi na wanane kule wenye chapa ya familia. Kila kiangazi tunavuka, tunawaswaga mpaka zizini, kila ukoo unachukua wake. Nilimpanda mmoja nikiwa na miaka sita. Bila tandiko."

"Ukaanguka."

"Nikaanguka vizuri."

Wageni walicheka, Neva naye akajikuta anatabasamu, huku macho yake yakiwa yameshafika ng'ambo kabla ya boti.

Maji yalikuwa yamejaa, mazuri, yamefika hadi kwenye majani. Walitia nanga penye kina kidogo, wakavua viatu, wakateremka. Kutoka hapo njia nyembamba ilipita kando ya kinamasi, ikapanda hadi kwenye matuta ya mchanga. Neva alitangulia. Walikuwa hawajatembea hata dakika tano aliposimama ghafla, Curtis akamgonga mgongoni.

Kwenye mchanga wenye unyevu kulikuwa na alama za kwato za farasi mkubwa, pana, zimechakaa pembeni. Na ubavuni mwake kulikuwa na nyingine. Ndogo, mviringo, upana wa mdomo wa kikombe cha chai. Zilikwenda zikipinda huku na huku, zikigongana zenyewe kwa zenyewe, kama za mtu aliyevaa viatu vya mwingine.

 Neva alichuchumaa kuzitazama.

"Huenda ni wa jike mwingine," Garland alisema, lakini sauti yake ilikuwa imeshuka.

"Jike gani? Nitajie mmoja mwenye mimba upande huu."

Garland alifikiri. Alimaliza orodha yote kichwani na hakumpata.

Walipanda tuta la kwanza wakiwa wameinama, wakajilaza kifudifudi kwenye mchanga karibu na ukingo. Kutoka pale walikiona kinamasi chote, kijani kibichi kama kimepakwa rangi, kijito kikimeremeta katikati, na kule chini, hatua mia moja hivi, farasi mmoja wa rangi ya kahawia iliyofifia akila majani taratibu. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo, kama limeng'atwa.

"Ndiye," Neva alisema. "Yule ndiye Dora."

"Na mtoto?" Bernadette alinong'ona.

Neva aliinua darubini. Majani yalimfika Dora tumboni. Nyuma ya miguu yake kulikuwa na kivuli, au donge la udongo, au kitu. Alikodoa macho mpaka machozi yakamtoka, akafuta lenzi, akatazama tena. Tumbo la Dora lilikuwa limelegea, limeshuka. Je, ni tumbo lililokwisha kuzaa, au ni la kizee aliyeshiba? Laiti angesogea hatua thelathini, ishirini tu, angejua. Magoti yake yalitaka kwenda. Akayakandamiza mchangani.

Ndipo akasikia mluzi.

Garland hakuwa tena pembeni yake. Alikuwa ameshateremka tuta, anatembea wima katikati ya majani, mkono mmoja ameutandaza kama mtu anayeswaga kuku, vidole viwili vya mwingine mdomoni. Aliupiga mluzi wa baba yake wa siku za zizi, mrefu, wenye kupanda mwishoni. Akaupiga tena. Alikuwa anatabasamu. Neva alimwona vizuri kwa darubini, mzee wa miaka sabini mwenye uso wa mtu anayemwendea jamaa yake kituoni.

Dora aliinua kichwa.

Mara vichaka vya nyuma vikapasuka, akatoka dume, mweusi, shingo ameishusha karibu iguse chini, masikio yamelala. Hakumjali Garland. Alimwendea Dora kwa pembeni, akamng'ata kwenye nyonga na kumsukuma, naye Dora akageuka, akapinga, akang'atwa tena, mwisho akakimbia mbele yake kuelekea magharibi, maji yakiruka miguuni. Baada ya muda mfupi kinamasi kilikuwa kitupu.

Si kitupu kabisa. Mahali Dora alipokuwa amesimama, kitu cha kahawia kilikuwa kimelala ubavu katika majani. Hakikutikisika.

Garland alirudi akipumua kwa shida. Neva alimngoja mpaka alipoketi.

"Ana miaka ishirini na minne," alimwambia kwa sauti ya chini. "Zizi lilivunjwa kabla hajazaliwa, shemeji. Mluzi huo hajawahi kuusikia. Kwake wewe ni mtu wa Ohio tu."

 Garland alitazama kule kinamasini, kisha mikono yake.

"Amekufa?" Curtis aliuliza.

"Watoto wa farasi hulala hivyo. Kama waliouawa."

"Nipe hiyo," Bernadette alisema, akachukua darubini. Alitulia kabisa, akaitazama saa yake mara moja, akarudi kwenye lenzi. Wote watatu walimtazama yeye. "Pumzi thelathini na sita kwa dakika," alisema mwishowe. "Nimekaa wodi ya watoto miaka thelathini na mmoja. Ubavu unaopanda na kushuka siwezi kuukosea."

Curtis alikuwa ameshaanza kuinuka. "Basi tumbebe tumpeleke kwa mama yake. Tuko watu wanne."

"Keti chini," Neva alisema, na Curtis, aliyekuwa mkubwa kuliko yeye mara mbili, akaketi. "Mama anamtaka mtoto wake. Anachosubiri ni sisi tuondoke. Tukisimama pale hatarudi, na huyu akikaa bila kunyonya mpaka jioni atakuwa hoi."

"Kwa hiyo tuondoke. Turudi kwenye boti."

Neva alimwonyesha kwa kidole. Dora alikuwa amesogea akila wao walipokuwa wakipanda tuta, na njia waliyojia sasa ilipita hatua kumi tu kutoka pale alipolala mtoto. Kuzunguka kwingine kote kulikuwa tope la kumfika mtu kiunoni. Na ule ukingo wa maji, ambao asubuhi ulikuwa umefika kwenye majani, sasa ulikuwa umeacha ukanda mpana wa mchanga uliolowa.

"Maji yanapwa," Garland alisema bila kumtazama mtu. "Ikifika saa nne boti itakuwa imekaa juu ya tope."

"Na yatarudi lini?"

"Saa kumi."

Kisiwani kwao mtu anaweza kusamehewa mengi, lakini si boti yake kukutwa mchana kweupe imekaa juu ya tope. Aibu hiyo ni ya watu wa bara. Elbert hakuwahi kupatwa nayo hata mara moja. Neva alijua watakavyosema dukani, na jinsi watakavyotikisa vichwa: maskini mjane, kazi imemshinda. Angeweza kuwapitisha wageni haraka, mbio, dakika mbili tu. Labda Dora angerudi baadaye. Labda.

"Hatupiti," alisema. "Tukae hapa hapa."

Curtis alimtazama mkewe. Bernadette alikuwa bado kwenye darubini. "Mimi siendi popote," alisema. "Kula karoti yako."

Walingoja. Jua lilipanda, mchanga ukaingia kwenye meno na masikio. Hakuna aliyelalamika, jambo lililomshangaza Neva. Curtis ndiye aliyekuwa wa kwanza kushika mkono wa mwenzake.

"Sikio," alinong'ona. "Limetikisika. Nimeliona."

Kweli, sikio lilitikisika. Kisha kichwa kikainuka kutoka kwenye majani, kikubwa kuliko shingo inayokibeba, kikatazama huku na huku. Mtoto alinyoosha miguu ya mbele, akasukuma, akaanguka. Akasukuma tena. Bernadette alikuwa anasukuma naye, meno ameyauma. Mara ya nne nyuma ilipanda kwanza, ikayumba, na ghafla akawa amesimama, miguu minne imeachana kama ya meza mbovu.

"Basi hizo ndizo nyasi zako, shemeji," Neva alisema. 

Garland alijipangusa pua kwa mkono wa shati. "Nyasi zenye masikio," alisema.

Mtoto aliita. Ulikuwa mlio mwembamba, wenye kukatika. Hakuna aliyejibu. Akaita tena, akageuka, akanusa upepo, kisha akaanza kutembea. Alikuja moja kwa moja kuelekea kwenye tuta lao.

"Anakuja kwetu," Curtis alisema. Uso wake ulikuwa umebadilika kabisa, kama wa mtu aliyeitwa kwa jina lake. "Neva, anakuja."

"Naona. Rudini nyuma."

"Lakini ni yeye anaye…"

"Rudi nyuma, bwana. Polepole. Kwa tumbo."

Basi watu wazima wanne, mdogo wao akiwa na miaka sitini na moja, wakaanza kutambaa kinyumenyume kuteremka tuta la mchanga, wakimkimbia mtoto wa farasi aliyekuwa hajui hata kutembea. Yeye anapanda, wao wanashuka. Kofia ya Bernadette ilikwama kwenye kichaka, akaiacha. Garland alitambaa juu ya mbigili akatukana chini kwa chini kwa ufasaha mkubwa. Curtis alikuwa anacheka bila sauti, mabega yakimtikisika, na Neva akajikuta naye anacheka, tumbo likimuuma dhidi ya mchanga, jicho moja likipima nafasi: basi zima, sasa nusu basi na kitu, rudi, rudi zaidi, basi zima tena.

Mtoto alifika ukingoni pale walipokuwa wamelala. Alinusa kofia. Akapiga chafya.

Kisha akaita mara ya tatu, na safari hii, kutoka mbali upande wa magharibi, akajibiwa.

Dora alikuja kwa mwendo wa mbio za pole, peke yake, akipita kijito pasipo kupunguza kasi. Dume alibaki kwenye vichaka akitazama. Mtoto alijitupa kuteremka upande wa pili, akapotea machoni mwao, nao wakapanda tena kwa tumbo mpaka pale walipoweza kuona juu ya ukingo. Dora alikuwa amesimama kwenye majani, amemgeukia mwanawe, anamnusa mgongo kutoka mabegani hadi mkiani kama mtu anayehakiki kwamba hakuna kilichopungua. Mtoto aligonga ubavu wake, akakosea, akagonga goti, akakosea, halafu mkia wake mfupi ukaanza kucheza haraka haraka.

"Amepata," Bernadette alisema. "Ananyonya."

 Neva aliweka paji la uso kwenye mchanga kwa muda kidogo, kisha akainuka tena aendelee kutazama, kwa sababu hakutaka kukosa hata kidogo.

Ilikuwa saa sita mchana Dora alipomwongoza mwanawe kuvuka kijito, na njia ikawa wazi. Waliikuta boti imelala upande mmoja juu ya tope, kama ng'ombe. Waliingia wakaketi kwa mteremko, wakala mikate yenye nyama ya kaa aliyoifunga Neva, na Curtis hakuuliza saa.

Hawakukaa muda mrefu kabla Thurman Rose hajapita mkondoni na boti yake. Kati ya watu wote wa kisiwa, Thurman, ambaye habari hazikai mdomoni mwake. Alipunguza mwendo, akasimama wima ili aone vizuri.

"Neva," aliita juu ya maji, "hapo unavua au unalima?"

"Endelea na safari yako, Thurman."

"Nauliza tu. Nikuletee jembe? Na Garland naye yumo. Garland, nanga yako imeshika vizuri hapo?"

Neva alisimama kwenye boti iliyoinama, mkono mmoja kwenye injini asianguke.

"Dora amezaa," alisema.

Thurman alizima injini. Boti yake ikachukuliwa kidogo na mkondo.

"Umemwona kwa macho yako?"

"Sote tumemwona. Mtoto alilala mbele yetu, akaamka, akanyonya. Mwana alikuwa kati yetu na boti. Ndiyo maana tuko hapa."

"Mama yangu," Thurman alisema. Alivua kofia, akajikuna, akaivaa. "Dume au jike?"

Neva alifungua mdomo ajibu, akagundua hajui. Aliwageukia wenzake. Bernadette alitikisa kichwa. Curtis akainua mikono.

"Sijui. Hatukusogea kiasi hicho."

"Hamkusogea? Hata Garland?"

Garland alitazama vidole vyake vya miguu vilivyojaa tope. "Mimi nilisogea," alisema. "Ndiyo maana Neva kaketi juu ya tope. Waambie hivyo huko. Si kosa lake."

Thurman alimtazama kwa muda, na utani wote ukawa umemtoka. Akawasha injini, akageuza boti kuelekea Harkers na kuondoka kwa kasi ya mtu aliyebeba samaki wanaoharibika. Kabla hajafika katikati ya mkondo walimwona ameshaweka simu sikioni.

Dakika tano baadaye simu ya Neva ikaanza kulia. Wa kwanza alikuwa mwenye duka, kisha mke wa mchungaji, kisha binamu yake Zelma, kisha watu ambao tangu mazishi walikuwa wakimpita barabarani wakisema habari za hali ya hewa tu, wakikwepa jina moja kama shimo. Sasa wote walianza nalo.

"Kwa hiyo Elbert alikuwa sahihi?" walisema. "Elbert alijua? Elbert aliona tangu Septemba?"

"Elbert alijua," Neva alimjibu kila mmoja, akiwa amekaa kwa mteremko juani, miguu imetapakaa tope mpaka magotini. "Ndiyo. Elbert aliona." Na wakiuliza ni dume au jike, alisema ana miguu minne na masikio mawili na yuko hai, na mengine hakuyaona.